Bakteria wafu kwenye matenki yangu ya sato

Mwaka jana umeme ulikatika kwetu Ilemela tangu Ijumaa usiku hadi Jumapili. Kwenye matenki niliwasha jenereta ya kusukuma hewa, vifaranga wakapona. Kopo langu la bakteria hai wa kuchanganya kwenye chakula cha samaki lilikuwa kwenye friji nyumbani, wala sikulikumbuka. Lile kopo lilinigharimu, na nikalazimika kulitupa.

Ndipo nikahamia postibayotiki: bakteria waliokuzwa, wakauawa, mara nyingi kwa joto, kisha wakasagwa kuwa unga. Unakaa kabatini tu. Hata kiwandani, mashine ya pelleti za kuelea (punje za chakula cha samaki) hupita nyuzi 100, joto ambalo bakteria hai kama Lactobacillus hawaliwezi.

Kijana ninayefanya naye kazi aliuliza, "Mama, kama wameshakufa, watafanya nini tumboni mwa samaki?" Nililipenda swali hilo. Utumbo wa samaki una seli zinazotambua vipande vya ganda la bakteria, kama mbwa anavyojua kuna mgeni kwa harufu ya kandambili alizoacha mlangoni. Kinga inaamka kabla adui hajaingia. Tena unga ukiwa umebaki na asidi zilizotengenezwa bakteria walipokuwa hai, asidi ya butiriki hulisha seli za ukuta wa utumbo, na nyingine huwabana baadhi ya bakteria wabaya.

Ila mfu hazaliani. Hashiki nafasi ndani ya maji, kwa hiyo ukiacha kumlisha, umeacha. Mimi napima unga kwa mizani ya jikoni, nauchanganya na mafuta ya alizeti kidogo, napaka pelleti na kuzianika kivulini.

Kosa langu kubwa lakini halikuwa kwenye chakula. Kwa miaka minne nilisafisha matenki kwa klorini, nikayasuuza, nikajaza maji, na siku hiyohiyo nikamwaga vifaranga. Nilijiona msafi kuliko wote. Wiki ya pili walianza kuelea. Baadaye nikasoma kazi za Olav Vadstein na wenzake wa Trondheim, Norwei, kuhusu vifaranga wa samaki wa baharini, nikaona tenki langu mlemle. Ukiua kila kitu halafu ukatia chakula, wanaowahi kujaa ni bakteria wanaozaliana haraka, na wengi wanaonyemelea samaki dhaifu wamo humo. Umefyeka shamba hukupanda. Magugu ndiyo yanatangulia.

Siku hizi, baada ya kusafisha, maji yanazunguka kwenye kichujio cha changarawe siku kadhaa kabla ya samaki kuingia. Changarawe ile siisuuzi kwa maji ya klorini hata iweje, maana bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, wanaishi humo. Chakula kilichobaki nakitoa jioni ileile. Ukiwa na amonia imepanda na hewa haitoshi, hakuna unga wa kukuokoa, na inaniuma kuona wauzaji wakiwaahidi wafugaji wapya kinyume chake.

Vifo vimepungua sana kwangu, ila kichujio na unga nilivianza mwezi uleule mmoja, siwezi kuupa unga sifa yote. Kundi lijalo nimeshaligawa: matenki mawili yatapata unga, mawili hapana, vifaranga wa wazazi walewale, kichujio kimoja. Tutawapima kila Jumamosi asubuhi, na daftari la vifo litakaa kwa yule kijana.