Tafakari ya Ijumaa: Wa omo akisema

Assalam alaykum ndugu zangu. Wiki hii nina jambo limenikaa moyoni.

Kamati yetu ya msikiti tulikutana baada ya Isha, shida ilikuwa maji ya udhu hayatoshi, na mimi mwenyekiti nlikuwa nshaamua tununue pampu. Kijana mmoja akaanza, "Ami, lile birika..." nkamwambia ngoja kwanza, akangoja mpaka mkutano ukaisha. Pampu ikanunuliwa, kwa pesa za waumini. Kumbe birika, lile tangi la maji ya udhu, lina ufa chini kabisa na yule kijana alikuwa ashauona, mana yeye ndie anaelisugua. Nlipomuuliza mbona hukusema akatizama chini, "Ami, nlisema."

Wallahi neno hilo liliniuma kuliko pesa.

Sisi watu wa Amu (Lamu) twajua, nahodha hukaa tezi, nyuma ya chombo, ameshika usukani, na tanga likijaa upepo mbele haoni vizuri, ndio huweka mtu omo, mbele kabisa ya chombo, amwambie kuna mwamba, kuna fungu la mchanga. Sijaona nahodha akimwambia wa omo nyamaza. Lakini kwenye kamati na majumbani mwetu twawanyamazisha, alafu chombo kikipanda mwamba twasema ni qadari.

Sayyidna Abubakar (r.a.), khalifa wa kwanza, alipopewa baia, yaani kiapo cha utiifu, aliwaambia watu, nimetawalishwa juu yenu na mimi si mbora wenu, nikifanya vyema nisaidieni, nikienda kombo ninyosheni. Huyu ndie aliekuwa pangoni na Mtume (s.a.w.), na bado anaomba kunyoshwa! Na Suratul Qiyama aya ya 14 na 15 yatwambia mtu ni shahidi juu ya nafsi yake hata akitoa nyudhuru zake. Zangu zilikuwa tele, nimechoka, usiku umeingia, yeye bado mdogo. Zote nlizitoa mbele ya nafsi yangu na hakuna hata moja iliyosimama.

Sasa kabla ya kulala najiuliza, leo nimemkata nani maneno? Jumatatu jibu lilikuwa mke wangu, nikaamka nikamtaka radhi.

Jumanne nlimuomba yule kijana radhi mbele ya kamati nzima, si pembeni, mana nlimnyamazisha mbele yao. Kisha nkamwambia mkutano afungue yeye. Akasimama, mikono yatetemeka, akasema ufa ule wataka saruji mfuko mmoja tu, lakini upande wa kibla kuna mwengine, na huo sote hatukuwa tumeuona.