Senta wetu kwa mchezeshaji wao: siku moja ya meneja wa kikapu Unguja

Nikisema mimi ni meneja wa timu ya mpira wa kikapu, mtu wa kwanza huuliza nalipwa ngapi, wa pili huuliza kwani Zanzibar kuna kikapu. Kipo, na ligi ipo. Malipo ndiyo hayapo. Kula yangu inatoka kwenye kibanda cha steshenari Mlandege: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Umeneja ni kazi ya pili, na siku nyingine, kama Jumatano hii ninayoieleza, huimeza ile ya kwanza.

Chanzo chake kilikuwa barua. Timu moja ya hapa hapa mjini, iliyo mkiani mwa ligi, ilitaka tubadilishane wachezaji. Watupe mchezeshaji wao, yaani yule anayeupandisha mpira na kuugawa, wa miaka 33, fundi kweli kweli, na juu yake mipira minne mipya. Sisi tuwape senta wetu, yule mrefu wa chini ya kikapu, kijana wa miaka 19 aliyemaliza skuli juzi. Wao msimu umeshawaharibikia, wanajenga. Sisi tuko nafasi ya tatu na ubingwa tunauona kwa macho. Jibu walilitaka siku hiyo hiyo, kabla ya isha.

Saa 11 alfajiri. Nimeswali, naanua jezi kwenye kamba. Ndiyo, meneja ndiye anayefua. Ile namba 8 imebanduka upande wa kushoto, ukikaa mbali unasoma 3, na kuna mechi meza ya waandishi wa matokeo iliandika faulo kwa mtu aliyekuwa kwao amelala. Nimeibandika kwa gundi na kuiwekea kitabu kizito juu.

Saa 1 hadi saa 5. Chai ya rangi na boflo, nimefungua kibanda, nimetoa kopi za vitambulisho, nimechapa barua mbili za kuomba kazi, umeme umekatika, umerudi.

Mpwa wangu ananisaidia dukani, na bando lake lote huishia kwenye kikapu cha Marekani, ligi ya NBA. Mechi za kule huku kwetu huchezwa usiku wa manane mpaka asubuhi, kwa hiyo anakuja kazini macho mekundu. Barua ameiona mezani.

"Mjomba, msimtoe. Oklahoma City walifanyaje 2019?"

Nilikuwa naikumbuka, lakini nikamwacha aseme. Clippers wa Los Angeles walitaka kombe mara moja, wakamchukua nyota Paul George kutoka Oklahoma. Walichotoa ni kijana aliyekuwa na msimu mmoja tu kwenye ligi, Shai Gilgeous-Alexander, pamoja na Danilo Gallinari na chaguo tano za raundi ya kwanza kwenye drafti, yaani zamu za klabu kuchagua wachezaji wapya. Mwaka 2025 Shai akawa mchezaji bora wa ligi na Oklahoma wakabeba kombe. Mmojawapo wa waliopatikana kwa zile chaguo, Jalen Williams, alikuwemo uwanjani. Clippers mpaka leo fainali hawajaiona.

"Sasa nani mjinga hapo?" akauliza, kama mimi ndiye niliyekuwa nikiiongoza Clippers.

Nikamwambia aendelee kukata picha za pasipoti. Lakini lile neno nililibeba.

Saa 5 na nusu kocha akapiga simu. Kocha hana habari ya 2019. Yeye ana habari ya mechi tatu tulizopoteza katika robo ya mwisho, zote kwa sababu moja: tukibanwa uwanja mzima, hakuna wa kuutoa mpira nyuma. Mchezeshaji wetu akiona watu wawili wanamjia huudundisha juu ya mguu wake mwenyewe, mpira unatoka nje, anabaki anakitazama kiatu. "Nipe yule mzee wao," kocha akasema, "kombe nakuletea." Anasema kweli kuhusu tatizo. Ila kocha akikosa kombe huenda akaacha kuwa kocha, kwa hiyo kesho ya timu si lazima iwe kesho yake.

Saa 6 mchana. Daladala mpaka Mwanakwerekwe kwa mfadhili wetu. Namwita Alhaji, kama kila mtu. Ana duka la vifaa vya ujenzi. Maji ya kunywa, nauli za mechi na hizo jezi ni fedha yake. Bila ya ndiyo yake hakuna kinachotoka, na yeye ndiye aliyekwisha waambia watu barazani kuwa mwaka huu kombe letu.

Nilidhani nitakaa nusu saa. Nilitoka alasiri.

"Karibu sheikh, kaa hapo juu ya saruji." Nikakaa. Nikaanza: Alhaji, kuhusu ile barua. Akaingia mtu anataka bomba za nusu inchi. Alhaji akanipa utepe wa kupimia, nishike ncha moja. Mteja akapungukiwa shilingi elfu mbili, wakabishana, akaondoka, akarudi. Alhaji, kuhusu ile barua. "Naam, tumalize hiyo." Simu. Adhuhuri ikaadhiniwa, tukaenda msikitini, tukarudi, akaingia fundi na kilo mbili za misumari aliyonunua jana anataka kubadilisha, kwa kuwa alitaka ya inchi tatu akapewa ya nne. Misumari ikamwagwa, ikahesabiwa, ikapimwa upya. Nilikuwa nimetoka nyumbani na boflo tumboni, na sasa nilikuwa natoa jasho linalonuka saruji.

Ndipo akanigeukia ghafla, kama tulikuwa tumeongea muda wote. "Mimi nasema tumtoe. Kwani Memphis hawakumtoa Thabeet?"

Hapo alinishika, kwa sababu Hasheem Thabeet ndiye mtu wa kwetu. Mzaliwa wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, mita 2.21. Mwaka 2009 Memphis walimchukua wa pili katika drafti, kabla ya James Harden, kabla ya Stephen Curry. Nchi nzima ilikesha. Naye alichukuliwa kama wetu anavyotakiwa leo: si kwa anachofanya, bali kwa atakachokuja kufanya. Februari 2011 Memphis wakachoka kusubiri. Wakamtoa Houston, wakaongeza na chaguo la raundi ya kwanza, wakamrudisha Shane Battier, mtu wa miaka 32 asiyefunga sana lakini anayejua pa kusimama. Aprili, katika mtoano, Memphis walioshika nafasi ya nane wakakutana na San Antonio wa kwanza. Mechi ya kwanza nani alifunga ile pointi tatu ya ushindi sekunde za mwisho? Battier. Memphis walikuwa hawajawahi kushinda hata mechi moja ya mtoano tangu klabu ianze. Wakawatoa San Antonio kwa 4 kwa 2.

"Miezi miwili tu, sheikh! Na Houston waliomtaka kwa ajili ya kesho, walipata nini? Mwaka uliofuata nao wakampeleka Portland."

Yote kweli, na nilimwambia ni kweli. Kisha nikamuuliza Battier aliwakuta nani pale. Aliwakuta Marc Gasol, Zach Randolph, Mike Conley na Tony Allen. Nyumba imesimama, kuta ziko juu. "Alhaji, wewe unauza bati. Mtu mwenye msingi tu akija kununua bati, unamwambiaje?"

"Namuuzia," akasema. "Na bati ukilichelewesha bei inapanda."

Wateja wawili wakacheka. Nikanyamaza, maana ilikuwa nzuri.

Akaendelea na Toronto. Masai Ujiri, Mnaijeria aliyekuwa akiiongoza klabu, mwaka 2018 alimtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mji, akamchukua Kawhi Leonard akijua amebakiza mwaka mmoja wa mkataba. Watu walimlaani. Mwaka 2019 kombe, la kwanza katika historia yao, na msimu ule ule ulipokwisha Kawhi akaondoka zake. Alhaji akauliza kuna mtu Toronto anayelirudisha lile kombe? Hakuna. Mimi mwenyewe ningefanya alivyofanya Ujiri. Ila nikamletea Brooklyn. Mwaka 2013 walimchukua Kevin Garnett na Paul Pierce kutoka Boston, watu wazima wote wawili, wakatoa chaguo zao za kwanza za 2014, 2016 na 2018 na haki ya Boston kubadilishana nao chaguo la 2017. Wakashinda raundi moja ya mtoano, basi. Katika zile haki Boston wakawapata Jaylen Brown na Jayson Tatum, na kombe la 2024 likaenda Boston. Kule anayefungwa sana ndiye huchagua mapema, kwa hiyo Brooklyn walipokuwa wanafungwa kila wiki, faida ya kufungwa kwao ilikuwa inakwenda kwa mwenziwe.

Kule Marekani ipo hata sheria inayokataza klabu kutoa chaguo za kwanza za miaka miwili ijayo inayofuatana. Imewekwa kwa sababu ya mmiliki mmoja wa Cleveland mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliyekuwa akiuza kesho kama mtu anayehama nyumba. Sisi hatuna sheria hiyo. Kinachotuzuia ni aibu tu, nayo Alhaji hana nyingi.

"Basi amueni," akasema, akiwa ameshamgeukia mtu wa rangi. "Lakini kombe lisipokuja, nisitafutwe."

Sijui ilikuwa saa ngapi. Nilikula sambusa mbili nimesimama kituoni.

Uwanjani nilifika mazoezi yamekwisha kuanza, na nilimwita kijana pembeni. Raba zake namba 47 zimeunganishwa kwa gundi ya fundi viatu, kidole kidogo kinachungulia. Namba hiyo Darajani haipo. Hizo zililetwa na mtu kutoka Dubai.

"Shikamoo ami."

Nikamweleza. Hakushtuka. Akasema ameomba chuo Dar es Salaam, majibu bado, na timu moja ya kikosi cha ulinzi imemuulizia kama anataka kujiunga. Bibi yake anataka kikosi, kwa kuwa kuna mshahara.

Nikaona hesabu yote ya tangu asubuhi imekaa vibaya. Mpwa wangu na Alhaji walikuwa wakibishana kwa mifano ya mahali ambapo kesho inafungwa kwa karatasi. Mchezaji wa raundi ya kwanza Marekani husaini mkataba ambao klabu inaweza kuurefusha hadi miaka minne, na baada ya hapo bado ina haki ya kulipa sawa na ofa ya mwingine ikambakisha. Oklahoma walijua Shai hatapanda boti asubuhi akapotea. Mimi wangu anaweza. Ninachomshikia ni barua ya ruhusa, na barua hiyo ni nani atakayemnyima mtoto aliyepata chuo? Kwa hiyo ukiniambia "usimtoe, ni wa baadaye," baadaye hiyo si yetu. Tukibahatika tuna msimu huu na nusu ya ujao.

Utadhani basi nilikwenda kusaini. Nilikaribia. Mchovu hupenda jambo liishe.

Lakini kama kesho si ya mtu, basi nimpime kijana kwa leo, na hilo siku nzima hakuna aliyelifanya. Nikakaa kwenye ngazi na daftari la mechi, taa za uwanjani zimewaka nusu. Ribaundi zetu, ile mipira inayodakwa baada ya mtu kukosa kikapu, karibu theluthi moja ni zake. Mechi aliyokosa kwa malaria tulifungwa kwa tofauti kubwa kuliko zote, na yule mchezeshaji angetufaa nini siku ile? Angeutoa mpira nyuma vizuri, vijana wetu wangerusha, wangekosa, na mpira ungechukuliwa na wapinzani. Robo ya mwisho inatupotea, ni kweli, lakini tunafika huko tukiwa karibu kwa sababu yake. Tukimtoa hatununui leo kwa kesho. Tunanunua leo kwa leo, na tunapunjwa, mipira minne au mitano.

Nilimwonyesha kocha daftari. Alilisoma mara mbili kwenye mwanga wa simu, akatukana kidogo, akasema, "Sasa mpira nani atautoa?" Tukakaa tukapanga: tukibanwa, kijana apande mpaka katikati ya uwanja, apigiwe mpira juu, pale hakuna wa kumfikia. Kocha akainuka akaanza kuwapanga vijana pale pale, gizani, wakigongana.

Baada ya magharibi nilirudi kibandani nikachapa barua kwa mikono inayotetemeka njaa: tumeshukuru, tumetafakari, hatutaweza. Mpwa wangu akaisoma begani kwangu, akataka niingize jina la Oklahoma. Nikamwambia afunge mlango.

Ujumbe wa Alhaji ukaingia kabla wino haujakauka. Alikuwa amekwisha pashwa habari, sijui na nani. "Sawa. Jezi mpya subirini mwakani." Nikaigonga muhuri, nikampa kijana wa bodaboda nauli ya mfukoni mwangu aiwahishe kabla ya isha, kisha nikatoa gundi, kwa sababu tuna mechi Ijumaa na namba 11 nayo imeanza kubanduka.