"Nyie" ni nani?

Saa nane usiku na mi niko macho kwa sababu ya neno moja. Sio mwenye nyumba, ambaye jumatatu katuambia anauza na tuna miezi mitatu ya kutafuta pengine, sio Baba Rayan na ile kazi ya Mtwara ambayo kaipata kweli (ndio kaipata, nitaandika siku nyingine). Neno lenyewe ni "nyie".

Mnajua mimi na dada Mwana na Charmed, ile tamthilia ya Marekani ya dada watatu wachawi. Nishaandika humu zile sidii tulizokuwa tunakodi Tanga kwa yule mzee wa Ngamiani, zinakwama palepale jini linapotokea, unaitoa unaifuta na kanga unairudisha, na mama huku anachoma ubani kwa sababu haiwezekani watoto wake wakae usiku wanaangalia wanawake watatu wanasoma kitabu cha uganga darini, huko San Francisco kwenyewe. Sa wiki mbili zilizopita jamaa wa muvi pale stendi kanijazia sizoni zote nane kwenye flashi, nikasema basi niangalie na mdogo wetu Zuhura, hajawahi kuiona, na jioni zake anashinda kwenye simu tu.

Ijumaa tukafika mwisho wa sizoni ya tatu. Wanaojua wanajua. Jini la upepo, Shax, linaingia, linawarusha Prue na Piper, wale dada wawili wakubwa, ukutani, mlango unajifunga, basi. Leo (jina lake hilo, sio leo ya leo), mume wa Piper mwenye uwezo wa kuponya, alipofika akawahi kumponya Piper tu. Hiyo ilirushwa Marekani Mei 2001 na kipindi chenyewe kiliongozwa na Shannen Doherty, Prue mwenyewe, yaani dada wa watu kajiongozea kifo chake afu hakurudi tena. Sisi Tanga tulichelewa miaka, na hatukujua kitu. Tulichojua ni kwamba Mwana kaja na kasha la sizoni ya nne, juu yake kuna wanawake watatu na mmoja hatumjui. Nakumbuka nilimwambia rudisha, umepewa siyo.

Kilichoniuma sio hata kufa, watu wanakufa. Kilichoniuma ni picha. Kuanzia hapo ile nyumba huoni tena sura ya Prue. Wanamtaja, wanamlilia, ila sura hakuna. Msiba gani huo ambao picha ya marehemu inashushwa ukutani? Na ile siku ya mwisho kabisa, Mei 2006, mama mtu anaonekana, bibi mtu anaonekana, wote marehemu, Prue hayupo. Nani alimtoa nani mi sijui, Doherty mwishoni mwa 2023 alisema kwenye podikasti yake kwamba alifukuzwa, na kwamba Alyssa Milano (yule dada wa tatu, Phoebe) ana mkono kwenye hilo, Milano akakanusha, na Julai 2024 Doherty akafariki kwa saratani, miaka 53 tu, kwaiyo hiyo kesi nimeifunga. Ila picha sijasamehe.

Haya. Ijumaa hiyohiyo umeme ulikuwepo tukaunganisha na kipindi cha kwanza cha sizoni ya nne. Zuhura kakaa chini na ungo anachambua mchele wa jumamosi. Paige, yule mpya wa kwenye kasha, akatokea, Rose McGowan na nywele zake, kasimama msibani kwa watu. Nikasema, na sikumwambia mtu, nilikuwa naiambia laptopu:

"Huyu sijawahi kumpenda. Katokea tu."

Zuhura hata hakuinua kichwa.

"Hakutokea tu, dada. Si nyie wenyewe mlimwita?"

Akapepeta. Akaendelea kuchambua.

Kwa upande wa hadithi yuko sahihi, na ndio inaniudhi. Piper usiku anapanda darini na kile kitabu, anasoma maneno ya kumwita mchawi aliyepotea, anamtaka Prue. Prue haji. Anayevutwa ni Paige, mtoto ambaye mama yao alizaa na yule malaika wake akaachwa kanisani akalelewa na wengine, na yeye hajui kwa nini miguu inampeleka kwenye maziko ya mtu asiyemjua. Kaitwa kweli. Nimeangalia hiyo tamthilia mara ngapi maishani na sijawahi kuiona hivyo, mi siku zote nilimuona kama mtu aliyekuja kukalia kiti.

Lakini "nyie". Angesema "wao" ningelala. Inawezekana ni ile nyie ya mpira, unamwambia shabiki wa Simba "nyie jana mlipigwa" na mwenzio alikuwa kwake anakunywa chai. Mi ni wa Charmed, kwaiyo nyie Charmed. Inawezekana kabisa. Ila sa "wenyewe" ya nini? Na mbona kamalizia na kupepeta? Nimejaribu kukumbuka kama mkono ulisimama kidogo kwenye ungo kabla ya kusema au baada ya kusema na nikikumbuka mara moja umesimama, nikikumbuka tena haukusimama.

Kwa sababu ile simu ya Muheza mnaijua. Niliandika hapa, nikafuta, nikaandika tena. Mwana kaenda Muscat, mi niko zamu za kaunta mpaka saa tatu usiku, Rayan na Nana hawana mtu, nikampigia mama yake Zuhura ambaye miaka yote tulikuwa tunamwita "yule wa Muheza". Nikamwita mama. Nikasema tunamuomba mdogo wetu. Wale wa kwenye tivii ni mama mmoja, sisi ni baba mmoja, najua, najua, msinianze.

Na hiyo "katokea tu" niliyosema mi, yeye kaisikiaje? Hilo sikuliwaza mpaka jumamosi niko kaunta namrudishia mteja chenji, nikamrudishia elfu kumi badala ya elfu mbili, bahati alikuwa muungwana.

Leo mchana nikashindwa, nikamtumia Mwana voisi ya dakika sita. Nikamwambia yote, nikamwambia pia, na hapa sauti ilinikatika kidogo, kwamba yeye ndio Prue wangu na tangu aondoke nyumba haina sura yake. Nilikuwa najisikia vizuri sana, kama mtu wa kwenye tamthilia.

Akajibu jioni, kwanza kucheka sekunde nzima nane. "We mwanamke, mimi Prue? Prue si wewe? Mkali, anajua kila kitu, akiingia chumbani watu wananyooka. Afu nikwambie kitu mdogo wangu usikasirike, mi nilikuwa nampenda Paige toka siku ya kwanza. Ulisusa kula siku ile, ningesemaje."

Miaka yote hiyo! Mtu nimelia naye mkeka mmoja! Nimecheka peke yangu jikoni mpaka Nana kaja kuuliza. Nikapiga na hesabu, Prue ana vipindi 66, sizoni tatu za 22, na Paige ana 112. Mgeni gani huyo. Dada'ngu alikuwa anafurahia vipindi 112 kimyakimya pembeni yangu na mi namuonea huruma.

Afu leo usiku tumefika pale Piper anapoenda kaburini kumgombeza Prue kwa kumwacha. Sijawahi kukiona hicho kipande, naapa, sidii ya mzee wa Ngamiani ilikuwa na mchubuko hapohapo, ilikuwa inaruka mpaka siku nyingine wote wako jikoni wanakunywa kahawa. Sa kumbe alimgombeza. Kwa sauti, na machozi. Mi nikajifanya naangalia simu. Zuhura alikuwa anatafuna karanga, akanisogezea kibakuli bila kuangalia upande wangu, nikachukua.

Nilitaka kumuuliza hapo, nyie ni nani. Nikamuuliza kama kaloweka maharage. Kaloweka.

"Kesho tunaanzia ya ngapi, dada?"

Nikamwambia ya nne.

Sa kingine kinachoniweka macho ni lile doa la darini chumba cha watoto. Mwezi uliopita lilikuwa kama kisosi, leo limekuwa kama sinia, na mvua haijanyesha wiki ya tatu hii, juu hakuna tanki wala bomba, nimemuuliza fundi kasema labda popo. Popo gani wa maji mengi hivyo? Na nyumba yenyewe inauzwa, kwaiyo hata nikimwambia mwenye nyumba atasema subirini mnunuzi. Nimewahamishia watoto vichwa upande wa dirisha.