Kuhesabu Kurudi Nyuma: Ninavyojifunza Kutayarisha Kipindi cha Moja kwa Moja

Msikilizaji humjua mtangazaji kwa jina na kwa sauti, lakini mtayarishaji hamjui, na inafaa iwe hivyo. Tangu nianze kujifunza kazi hii katika kituo kidogo cha redio mkoani Tanga, nimebaini kwamba ugumu wake haumo sana katika kupata mada wala mgeni, bali katika kuutawala muda, ambao redioni huhesabiwa kutoka mwisho kuja mwanzo.

Kipindi chetu cha mchana hukoma pale tunapojiunga na Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1963 na ambayo makao yake yako Bonn, Ujerumani. Bonn haimsubiri mtu. Wakati ukifika wanaanza, awe mtangazaji wetu amemaliza sentensi yake au bado. Kwa hiyo mwongozo wa kipindi huanza kuandikwa kutoka chini: naondoa sekunde 30 za kuaga, naondoa dakika 2 za matangazo ya biashara, naondoa utabiri wa hali ya hewa, mpaka nijue mahojiano yanapaswa kukoma saa ngapi hasa. Kompyuta inaonyesha 12:56:30, mtangazaji anawaambia watu ni saa sita na dakika hamsini na sita, nami huku nyuma ya kioo nasubiri avute pumzi ndipo nimwambie kwenye hedifoni, "Dakika moja." Maneno mawili yanatosha, kwani anayesemeshwa sikioni huku akizungumza hujikwaa, na msikilizaji hulisikia hilo mara moja.

Simu za wasikilizaji ndizo zinazokipa kipindi uhai, na ndizo zinazodai uangalifu zaidi. Kila msikilizaji ameizoea ile kauli ya "punguza sauti ya redio yako," lakini wachache wanaijua sababu yake: sauti inayotoka kwenye redio ya mpigaji huingia tena katika simu yake, ikarudi studio, ikatoka hewani, ikazunguka hivyo hivyo hadi ikawa mlio wa kuumiza masikio. Anayetusikiliza kwa intaneti ana shida nyingine, kwa kuwa matangazo humfikia yakiwa yamechelewa, hivyo akajisikia mwenyewe akisema alichokwisha kusema na kupoteza mwelekeo. Kabla ya kumpeleka hewani namuuliza jina, anapopigia na anachotaka kusema. Mada ikiwa bei ya machungwa, mkulima wa Muheza aliyeuza juzi tu namtanguliza mbele ya mtu mwenye maoni makali asiyemiliki hata mche mmoja.

Lililo nyeti kuliko yote ni tangazo la kifo, ambalo katika redio za mikoani bado ndiyo njia ya kuwafikia ndugu walio mbali. Karatasi huletwa wakati wowote, pengine kipindi kikiwa kimebakiza dakika chache, ikiwa na orodha ndefu ya watu wa kuarifiwa na mahali watakapozikia. Huwa napiga simu kwanza kwa mmoja wa wafiwa au kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu habari ya namna hii ikitoka kimakosa haifutiki kwa kuomba radhi. Kisha nalitafutia nafasi: halitanguliwi na tangazo la soda, halifuatwi na taarabu, na mtangazaji hulisoma kimya kimya mara moja ili majina yasimpige chenga. Ikibidi, naondoa wimbo mzima, na hesabu yote ya muda naianza upya.

Wageni wa studio nao wana utaratibu wao. Ni vigumu kumkatiza mzee anayezungumza, hasa katika mji ambao kila mtu ataulizia kesho yake ni mtoto wa nani aliyemkosea adabu. Basi tunakubaliana mapema, baada ya shikamoo namweleza, "Mzee wangu, nikiinua mkono huu, tafadhali malizia." Wengi huitikia kwa uungwana mkubwa. Wanasiasa ndio huutazama mkono na kuendelea, na hapo fundi mitambo huanza kuupandisha muziki taratibu.