Niliingia nikisubiri nasaha

Umeme ulikuwa umepotea mtaa mzima wa Section 58, Nakuru, nasi tumekaa nje barazani, mimi na kitindamimba wetu. Kesho yake alikuwa na miadi ya kwanza na mshauri nasaha pale mjini. Mimi nilibakiza siku nne nipande ndege kurudi Leeds, Uingereza. Akaniuliza, "Dada, nikifika huko nitaanza kusema nini?"

Mama alikuwa jikoni na najua alisikia. Yeye husema mambo ya nyumbani hupelekwa kwa Mungu, na ikibidi, kwa mchungaji. Simlaumu. Hayo ndiyo yaliyomvusha.

Nikamwambia mdogo wangu kwamba kilichonitatiza mimi ni jina lenyewe. Tunauita ushauri nasaha, basi mtu anaingia akingoja kupewa nasaha, kama bibi harusi anavyokaa mbele ya shangazi zake. Nami nilikaa hivyo mbele ya mshauri wangu, mama mmoja wa Leeds, mikono mapajani. Hakuniambia fanya hili, acha lile. Aliuliza swali, akanyamaza, akasubiri. Kimya kile kilinikera. Nilifika nyumbani nikiwa na hakika kwamba hajui kazi yake.

Kuingia kwenyewe hakukuwa kugumu. Kule Uingereza huhitaji barua ya daktari. Unajiandikisha mwenyewe kwa simu au mtandaoni kwenye huduma ya NHS, yaani afya ya umma ya kule, bila kulipa, kisha unasubiri zamu yako. Mimi nilisubiri wiki kadhaa. Ukifika unajaza fomu mbili, moja ya maswali 9 kuhusu huzuni na nyingine ya maswali 7 kuhusu wasiwasi, zote zikiuliza wiki mbili zilizopita zilikuwaje. Kila jibu lina alama kutoka 0 hadi 3. Nilizijaza kila tulipokutana.

Swali la 9 linauliza kama umewahi kuwaza kwamba ni heri ufe, au ujidhuru. Nilipofika hapo mdogo wangu aliinamisha kichwa. "Nikisema ndiyo, si watanipeleka polisi?"

Hofu hiyo ina mzizi wake. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kinakiuka Katiba. Na hata kabla ya hapo, kuwaza hakukuwa kosa. Nikamwomba aseme kweli. Mshauri atamuuliza zaidi, kwa upole, ajue kama yuko salama usiku huo. Mengine atakayoyasema ni siri, isipokuwa kukiwa na hatari kwake, kwa mtu mwingine au kwa mtoto, na mshauri mzuri humweleza mtu mipaka hiyo siku ya kwanza.

Sasa ile siku kazi yenyewe ya ushauri ilipoanza. Kwangu ilikuwa mara ya tatu. Nilikuwa nimeambiwa naweza kupata mkalimani nikakataa, maana Waswahili wa mji ule tunajuana. Nikawa naongea Kiingereza cha kazini, kile ninachowaandikia ripoti za wazee ninaowahudumia, na kila kitu kikawa "sawa tu." Kisha nikakosa neno, nikasema "uchungu." Mshauri akaniomba nimweleze uchungu ni nini. Nikamwambia ni ladha ya mwarobaini, ni maumivu ya kuzaa, ni lile linalokukaba ukimwona aliyekukosea. Akauliza, wako ni upi? Nikajikuta naeleza Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, baba amebeba godoro kichwani, sisi nyuma yake tukikimbilia Showground, uwanja wa maonyesho, nami nimeshika sufuria ambayo bado ina uji. Nilikuwa na miaka 11. Sikuwa nimemwambia mtu habari ya ile sufuria.

Siku hiyo nilitoka nikiwa hoi kuliko nilivyoingia. Basi lilinipitisha steji yangu. Usiku sikulala. Hili watu hawaambiwi, wanaacha papo hapo wakidhani wameharibiwa. Mimi nilirudi nikamweleza, akapunguza mwendo, tukaanza na namna ya kutuliza pumzi na kulala kwanza.

Nikamwambia mdogo wangu pia aulize bei mapema, na aulize kama mshauri amesajiliwa. Tangu 2014 tuna sheria inayotaka hivyo, kwa hiyo si utovu wa adabu. Na moyo ukimkataa mtu yule, atafute mwingine.

Jumatatu alirudi jioni. Mama akamwekea chai bila kumuuliza kitu, akavuta kigoda akaketi karibu naye, jambo ambalo hajazoea kufanya.

"Aliniuliza nalala saa ngapi," akasema.

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia silali."

Mama akamwongezea chai.