Seward, Alaska: Mbio Zilizoanzia Kwenye Dau

Barabara ya kwenda Seward ni moja tu, na tarehe 4 Julai, siku ya mbio za mlima za Mount Marathon, kila mwenye gari mjini Anchorage anaitaka. Ni kilomita kama 200. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, jua likiwa limeshachomoza zamani, maana mwezi huo usiku wa Alaska hauingii giza la kueleweka. Mwenzangu alikuwa Mkongo, mzaliwa wa Uvira, tunayefanya naye kazi. Upande mmoja bahari, upande mwingine majabali yenye kondoo mwitu weupe, na mbele yetu foleni.

Seward ni mji wa watu wasiofika 3,000, uliokaa mwisho wa ghuba, na una jina la William Seward, waziri wa Marekani aliyesimamia ununuzi wa Alaska kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Siku hiyo mji ulikuwa umefurika. Mlima wenyewe, Mount Marathon, huhitaji kuutafuta: nyumba zinapoishia ndipo unapoanzia.

Mimi ni mtoto wa Moshi. Nimezoea Kilimanjaro, mlima unaopandwa kwa siku tano au sita, mwongozaji akikukumbusha "pole pole" kila hatua. Hapa wakimbiaji wanageukia kwenye mwinuko wa mita 921. Kwetu huo ni mwinuko wa mjini. Hata geti la Marangu hujaliona. Nikacheka kidogo, mpaka nilipoelezwa kwamba mbio nzima, kwenda na kurudi, ni kilomita kama tano, na zile mita 900 na ushee za kupanda zimebanwa humo humo.

Asili yake wenyeji wanaisimulia hivi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wazee wawili wa Alaska walibishana: mtu anaweza kupanda mlima ule na kurudi mjini ndani ya saa moja, au hawezi? Wafanyabiashara wakaweka zawadi ya suti, na atakayeshindwa awanunulie watu vinywaji. Jamaa akatimua. Akarudi kwa saa moja na dakika mbili. Dau likaliwa, watu wakanywa.

Mashindano rasmi yalianza 1915, na mshindi, James Walters, alitumia saa moja, dakika mbili na sekunde mbili. Umeona hapo? Dakika zile zile. Mimi nahisi hadithi iliazima muda wa Walters ili ipate miguu ya kusimamia, lakini sikuthubutu kulisema hilo pale barabarani. Mwaka uliofuata, mshindi alishuka chini ya saa moja, kwa hiyo yule aliyesema haiwezekani naye hakuwa sahihi.

Tulisimama kwenye Mtaa wa Nne, umati ukiwa pande zote mbili. Mlio ukalia, wakapita mbio kuelekea mlimani, wengi wakiwa na glavu mikononi na utepe wa gundi umezungushwa kwenye vifundo vya miguu ili mawe yasiingie viatuni. Baada ya hapo mtazamaji hana la kufanya ila kutazama juu. Waligeuka nukta nukta zinazotambaa kwenye uwazi ulio juu ya miti. Bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kukunja alinipa darubini yake bila kuombwa: niliona watu wameinama, viganja vimekandamiza mapaja, wanasukuma mguu mmoja mmoja.

Kupanda kunawachukua walio bora zaidi ya nusu saa. Kushuka ni dakika kumi na kitu. Hapo ndipo penye kisa. Hawafuati njia ya kupandia; wanajitupa kwenye mteremko wa kokoto na theluji iliyobaki, kila hatua inateleza mita kadhaa, kisha wanaingia kwenye korongo lenye maji na mawe ya utelezi. Wa kwanza alipotokea mtaani, goti lote lilikuwa tope lililochanganyika na damu, na kiwiko kimechunika.

"Ndugu yangu," mwenzangu akaniuliza, "huku ni kukimbia ao ni kuanguka?"

Mwaka 2015 Kilian Jornet, bingwa wa milima kutoka Hispania, alikimbia kwa 41:48; mwaka uliofuata David Norris wa Anchorage akapunguza hadi 41:26. Wanawake wanakimbia mbio zao siku hiyo hiyo, na watoto wanageukia nusu ya mlima. Si mchezo, hata hivyo. Mwaka 2012 mshiriki mmoja aliyekuwa nyuma ya wote alionekana akikaribia jiwe la kugeukia, na hadi leo mwili wake haujapatikana. Taratibu za usalama zikakazwa.

Jioni, umati ulipopungua, tukaenda mguuni pa mlima kuonja. Njia moja ya kuanzia ni ukuta wa udongo na mizizi, na mizizi yenyewe imesuguliwa na viganja hadi inang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Nilishika mmoja, nikajivuta, nikatafuta wa pili. Tulipanda labda kimo cha nyumba mbili. Mwenzangu akaangalia chini, akasema yeye ana watoto, na samaki tuliowaona wakikaangwa bandarini huenda wakaisha.

Tukashuka kinyumenyume, makalio yakitangulia. Samaki walikuwepo.