Mita 95 hadi kwenye mfereji

Bamvua la mwisho wa Mei

Kabla sijarusha chochote nilipima. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kukupwa kuliko kawaida, yalipokupwa kabisa nilianzia kwenye jiwe ninalosimama nikivua, nikapita mchanga, nikapita majani ya baharini, hadi pale ambapo sakafu inashuka ghafla na rangi ya maji inabadilika. Nilikuwa na kamba yenye fundo kila mita 10. Nilihesabu mafundo tisa, na nusu ya kwenda la kumi. Ni Kigamboni, ufukwe wenyewe sitautaja, wavuvi mnaelewa.

Kolekole hupita kwenye mfereji ule maji yakianza kujaa, na wenye ngalawa hutia nanga papo hapo. Mimi sina ngalawa, kwa hiyo nataka kuufikia kwa kurusha kutoka ufukweni. Nina rodi ya mtumba ya mita 3.9, vipande vitatu, iliyoandikwa kuwa inabeba gramu 100 hadi 200, na rili, kikunjio cha mshipi, ya ukubwa wa 8000. Kwenye pantoni watu huniuliza kama ni antena.

Juni, wiki ya kwanza

Mazoezi nafanya nchi kavu, alfajiri, maji yakiwa yametoka na ufukwe hauna mtu. Chubwi tupu, ile risasi ya kuzamishia mshipi, la gramu 150, bila ndoana. Narusha mara tano, napima kwa kamba, naandika wastani. Mrusho bora siuandiki, maana ndio unaomdanganya mtu.

Kwa mtindo niliouzoea, yaani kuinua rodi juu ya bega na kutupa mbele kwa nguvu zote, wastani ulikuwa mita 61. Bega likauma siku mbili.

Juni, wiki ya pili

Nimeacha kutupa, naanza kuvuta. Mtindo huu wavuvi wa pwani za Afrika Kusini wanautumia sana: chubwi unalilaza mchangani nyuma yako, mshipi umekaza, ncha ya rodi iko chini, mwili umeipa bahari mgongo nusu. Unaanza polepole, ukiigeuza nyonga kabla ya mikono. Mwishoni kabisa mkono wa kulia unasukuma juu na wa kushoto unavutwa hadi mbavuni kwa pamoja, kama anayefunga mlango mzito. Hapo ndipo rodi inapopinda na kulitema chubwi.

Nilichelewa kuelewa neno “polepole”. Nikianza kwa pupa, rodi inajikunja mapema na kumaliza nguvu zake kabla chubwi halijaondoka mchangani. Nikianza kwa utulivu, nguvu zote zinabaki kwa ajili ya mwisho. Chubwi likiondoka pembe ya kama nyuzi 45 nasikia mlio tofauti, mfupi, kama kitambaa kinachanwa. Mita 79.

Juni, wiki ya tatu

Hasara. Nilitoa nailoni ya milimita 0.40 nikaweka uzi wa kusuka wa milimita 0.20. Hesabu yake ni rahisi: mshipi mwembamba unasumbuliwa kidogo na hewa, na kwenye pete za rodi unapita bila kukwaruza. Nilichofanya kijinga ni kufunga chubwi moja kwa moja kwenye uzi ule. Mrusho wa pili ulipasuka kama bunduki. Chubwi sikuliona lilikoangukia, na nilishukuru kwamba hakukuwa na mtu ufukweni, kwa sababu gramu 150 zinazoruka bila kushikwa na kitu zinaua. Kidole cha shahada kilichanika hadi nyama.

Kwa hiyo sasa kuna lida mbele, nailoni nene inayopokea mshtuko. Kanuni ya wazoefu: kila aunsi ya chubwi, yaani gramu 28 hivi, iwe na ratili (pauni) 10 za nguvu kwenye lida. Gramu 150 ni aunsi tano na kitu, basi ratili 60 kwangu. Urefu wake ni rodi mbili, na juu ya hapo izunguke spuli, kile kigurudumu cha rili kinachokunjiwa mshipi, mara tano au sita, ili fundo la kuiunganisha na uzi liwe bado ndani wakati wa kurusha. Kidole nakivalisha kipande cha tyubu ya baiskeli.

Pia nilikuwa nimejaza spuli hadi ukingoni, nikapata kiota cha ndege, yaani mshipi uliojisokota ovyo, mara tatu. Acha milimita mbili chini ya ukingo.

Wastani mpya: mita 98. Nilirudi nyumbani naimba.

Julai

Kusi limeshika. Nikitazama bahari upepo unanijia mkono wa kulia, mshipi unafanya tumbo kuelekea kushoto, na chubwi la kawaida linaburutwa hadi linarudi ufukweni peke yake. Nimeamua kuyeyusha machubwi yenye miguu: nyaya nne zinazotoka pembeni, zinashika mchanga, na ukivuta kwa nguvu zinajikunja na kuachia. Risasi nilipata kwa mafundi tairi, vile vipande vya kusawazishia gurudumu. Si vyote ni risasi, vingine ni chuma au zinki, visivyokatika kwa koleo naweka pembeni. Miguu ni spoku za baiskeli.

Nilifanyia uani, upepo mgongoni kwangu, watoto ndani, kwa sababu moshi wa risasi ni sumu. Lakini kifomu cha udongo hakikuwa kimekauka vizuri. Tone la kwanza lilipogusa unyevu risasi ikaruka kama mafuta yaliyomwagiwa maji. Nina alama mbili mkononi. Kifomu kilikaa juani siku nne kabla sijarudia.

Julai, bamvua

Siku ya kuvua kwa kweli. Maji yamejaa nusu, juu ya jiwe yananifika magotini, chambo ni ngisi. Pembeni kuna mzee mmoja wa mshipi wa mkono, anauzungusha kichwani na kuuachia, mita 30 hivi. Nimempa shikamoo, nimerusha mbele yake kwa madaha.

“Marahaba. Kijana,” akasema bila kugeuka, “chubwi limefika Zanzibar, chambo kimeangukia hapa.”

Nikavuta. Ndoana tupu. Nikarusha tena nikitazama: kweli, kipande cha ngisi kilichomoka hewani. Wiki sita nimepima chubwi, na samaki hali chubwi.

Nikarudi mchangani siku ya pili na chambo kwenye ndoana, nimekifunga kwa uzi mwembamba wa mpira kisichomoke. Mita 71! Kile kipande cha ngisi kinachoninginia kinajizungusha na kupiga breki njia nzima.

Agosti

Dawa ni kishikizo. Juu ya kila chubwi nimeweka kipande kidogo cha spoku kilichopindwa kama herufi L. Ndoana inakaa pale, tawi lake, yaani uzi mfupi unaoishika, limekaza, chambo kimejificha nyuma ya chubwi. Likipiga maji, mkazo unalegea na ndoana inaachia. Chambo nacho nimekipunguza: kipande kirefu chembamba badala ya donge.

Wastani: mita 89. Bado sita.

Uzi wangu hubadilika rangi kila mita 10, hivyo majini nahesabu rangi. Upepo ukiwepo rangi zinadanganya kwa sababu ya lile tumbo. Jumamosi alfajiri hakukuwa na upepo kabisa. Rangi ya tisa ilikuwa imetoka yote nilipouona mshipi umelegea ghafla, maana samaki alikuwa ameling’oa chubwi na kuja upande wangu. Kolekole, kilo mbili na kidogo.

Mzee alimpima kwa mkono, akanirudishia. Kisha akaniuliza ile miguu ya chubwi ni spoku za baiskeli ya ngapi.